Picha Niliyoiweka Bila Kuuliza

Kwa miaka sita, mtu aliyeitafuta saluni yangu kwenye ramani ya simu alionyeshwa mlango ambao haupo. Picha ile aliipiga nani sijui. Labda msafiri aliyekuwa anasubiri basi hapo stendi ya Bariadi akakosa la kufanya. Ilikuwa picha ya mlango wa bluu wenye kibao cha duka la mbegu, kwa sababu kabla yangu chumba kile kilikuwa cha muuza mbegu na dawa za pamba, na mbele ya mlango kulikuwa na dimbwi la maji na mbuzi anayetazama pembeni. Mimi mlango nilishaupaka rangi ya waridi, dimbwi nilishalifukia kwa kifusi, na mbuzi bila shaka alishaliwa zamani. Lakini mtandaoni tulibaki hivyohivyo.

Sikujali, mpaka alipokuja bi harusi mmoja kutoka Mwanza. Alinipigia simu Ijumaa asubuhi.

"Dada, tumesimama hapa stendi. Tunaona mlango wa waridi tu. Ule wa bluu uko wapi?"

"Ni huohuo wa waridi, ingieni!"

Simu ikakatika. Nilitoka mbio na taulo begani, nikawaona yeye na wapambe wake watatu wanavuka barabara kuingia saluni mpya ya upande wa pili, ile yenye vioo ukuta mzima. Nilisimama pale na taulo langu kama mtu aliyeachwa na basi.

Tangu siku ile sikutulia. Nilikuwa nikisuka, jicho moja liko kwenye kichwa cha mteja, jingine liko ng'ambo. Nani ameingia kule? Mbona wamekaa sana? Mbona wanacheka? Mara nyingine nilifika katikati ya kichwa nikakuta mistari imepinda, nikafumua, nikaanza upya, mteja ananung'unika. Mwishowe mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, akanihurumia. Akiwa chini ya draya alinielekeza jinsi ya kuuthibitishia mtandao kwamba mwenye saluni ni mimi, na baada ya siku kadhaa nikakubaliwa. Akaniambia, "Sasa badilisha picha. Usiweke mlango. Watu hawafuati mlango, wanafuata watu."

Maneno yale niliyashika kuliko yalivyostahili kushikwa.

Msusi wangu wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Alikuja kwangu miaka miwili nyuma akiwa na begi moja, akaniomba kazi, nikampa kichwa cha kujaribu, na kabla hajafika nusu nilijua sitamwachia aondoke. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Wateja wenye ngozi laini ya kichwa walimsubiri yeye hata kama mimi nilikuwa nimekaa bure. Aliniambia kwao ni Nkoma, wakulima wa pamba, basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitu kimoja tu nilikiona: simu yake ikiita alitoka nje kupokea, na mara kwa mara nilimsikia akisema kwa Kisukuma kwamba mgonjwa apelekwe zahanati, asikae nyumbani. Nilidhani ana ndugu anayeugua sana.

Na hakupenda kupigwa picha. Hili nalo nililijua. Wateja wakitaka kujipiga naye baada ya kusukwa, alikuwa anageuka kuchukua fagio.

Jumamosi moja alikuwa anamsuka mama mmoja aliyekuwa amenipa mgongo. Jua la saa nne lilikuwa limeingia mlangoni. Yule mama alisema kitu, binti akacheka huku ameuma kitana kwa meno, mikono yote miwili imejaa rasta. Nilikuwa na simu mkononi. Nikapiga.

Aligeuka. "Dada, hiyo picha unaipeleka wapi?"

"Ni ya kwenye simu tu," nikasema.

Sikudanganya, na nilidanganya. Mpaka leo sijui niliite nini jibu lile. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kichwa cha mteja. Mchana uleule niliiweka kama picha kuu ya saluni, nikaongeza ya draya mbili na ya mlango wa waridi, nikakaa kusubiri.

Picha ilifanya kazi. Mtandao ulikuwa unanitumia taarifa ya watu walioitazama, na mimi nikawa nafungua simu kila baada ya kichwa kimoja, halafu kila baada ya mstari mmoja. Walikuja wafanyakazi wa ofisi za mkoa, alikuja mke wa mchungaji, wakaja wasichana wanaosoma chuo. Wote walisema, "Tunamtaka yule anayecheka." Binti akawa anawasuka, anashangaa kwa nini wageni wamekuwa wengi. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia mambo yakishatulia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa natulia.

Ilikuwa wiki ya tatu, mchana, mzee mmoja aliposimama mlangoni. Alivaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote kwenye joto lile, na mkononi alikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Vumbi la barabara lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Wanawake walikuwa wanne ndani, wawili chini ya draya. Mwanamume wa umri ule haingii saluni ya wanawake, kwa hiyo sote tulimgeukia.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu."

"Nimeambiwa hapa kuna nesi."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. "Hapa ni saluni, baba. Manesi wako hospitali."

"Hospitali nimetoka," akasema. "Wamenitafutia kwenye vitabu vyao, wamenitafutia kwenye mashine. Watu wazuri. Wamesema mwanangu hawamjui. Ndipo nikakumbuka mtoto wa kaka yangu alinionyesha picha kwenye simu yake, akasema dada yuko Bariadi, stendi, kwenye mlango wa waridi. Mimi nilimwambia huyo si yeye. Mwanangu ni nesi."

Nilimtafuta binti kwa macho. Alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia, kule tunakochemshia maji. Nilikiona kisigino chake kimoja chini ya pazia, kimetulia kabisa.

"Ametoka kidogo," nikasema.

"Nitasubiri."

Nikampa kiti. Akaketi karibu na mlango, mfuko magotini, akaangalia ukutani penye picha za mitindo ya nywele, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma. Mimi nikaendelea na kazi, lakini mikono haikuwa yangu. Nilimvuta mteja nywele akapiga kelele. Nilizima draya isiyotakiwa kuzimwa. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilitamani mzee achoke aondoke, halafu nikaona aibu kwa kutamani hivyo.

Sijui zilipita dakika ngapi. Pazia likafunguka. Binti alitoka mikono inadondosha maji, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya kiti, akapiga magoti kama wanavyosalimia mabinti wa kwetu.

"Mwadila, baba."

Mzee hakujibu salamu. Kwa Msukuma, hilo peke yake lilitosha kuwa adhabu. Alimwangalia aproni, akamwangalia mikono.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi. Nilifeli, baba. Nikarudia, nikafeli tena. Wakaniambia nirudi nyumbani."

"Na hukurudi."

"Ningerudi vipi? Ulishawaambia watu wote."

Mteja mmoja alisimama na rola zake kichwani akatoka nje taratibu, na wa pili akamfuata. Mimi sikutoka. Nilikuwa nimeshika kiti cha draya na sikuweza kukiachia.

"Watu wanakupigia simu," mzee akasema, na hapo sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mke wa jirani alipovimba miguu akiwa na mimba, nilikupigia mimi. Babu yako mdogo alipokohoa damu, nilikupigia mimi. Nilikaa nao hapo uani, nimeweka simu kwa sauti kubwa, wote wanakusikiliza. Ulikuwa unatuambia nini?"

"Nilisema nendeni zahanati," binti akasema. Sasa alikuwa analia. "Kila aliyenipigia, nilimwambia aende zahanati. Kila mmoja, baba. Sijawahi kumwambia mtu anywe dawa. Sijawahi hata mara moja kumwambia mtu akae nyumbani."

Mzee alifikiri. Nadhani alikuwa anarudi nyuma, simu moja baada ya nyingine, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, anahakikisha. Kisha akainama, akaweka mfuko wa michembe chini, karibu na magoti ya mwanawe.

"Huu ametuma mama yako, wa kula zamu za usiku," akasema. "Kwangu mimi hatasikia. Utamwambia mwenyewe."

Akaniaga kwa kichwa, akatoka. Nilimwona anapiga hatua kuelekea stendi, koti limefungwa vilevile.

Binti alivua aproni, akaikunja mara nne. Alikuwa ameshaelewa. Alichukua simu yangu juu ya meza, na mimi sikumzuia. Akafungua, akaiona picha, akajiona anacheka.

"Ulisema ni ya kwenye simu tu," akasema. Akaiweka simu pale ilipokuwa, akachukua mfuko wa michembe, akaondoka.

Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja. Simu yake haikupatikana. Chumba alichopanga kilikuwa na kufuli, na mwenye nyumba alisema ameaga kwamba anasafiri.

Nilianza kuifuta ile picha. Nilidhani ni kugusa mara moja. Niliigusa, ikaniambia ombi langu linashughulikiwa. Nikangoja, nikafungua, bado ipo. Nikazima simu nikawasha, bado ipo. Nikaomba mwalimu aangalie kwenye simu yake, akaniambia, "Huku naiona bado." Nilipika ugali ukaungua kwa sababu nilikuwa natazama kama imetoka. Nilikwenda kanisani, na wakati wa kuomba nilikuwa na simu mapajani. Siku ya nne ikatoka, lakini mteja mmoja alikuwa ameipakua na kuipandisha kwenye maoni yake, na kusifia, akanipa nyota zote tano. Nilimpigia kumwomba aitoe. Akaudhika: "Nakusifia na bado unalalamika?" Akaitoa, na nyota akaondoka nazo.

Wateja waliingia, wakaangalia huku na huku. "Yule wa kwenye picha yuko wapi?" Niliwajibu amesafiri. Nilipochoka kujibu, nikafunga saluni Jumatatu nikapanda gari la Lagangabilili, na kutoka pale nikachukua bodaboda hadi Nkoma. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona na kumwomba msamaha, nipate kulala.

Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, na watu walikuwa wanachuma. Nilimuuliza mwanamke mmoja kando ya njia, nikamweleza mzee wa koti la kijivu, mwenye binti anayeishi Bariadi.

"Aah, kwa mama nesi!" akasema, akanielekeza kwa furaha. Mtu wa pili naye akasema hivyohivyo. Hapo nikaelewa kwamba binti hayupo, na kwamba hakuna lililosemwa.

Mama yake alinipokea akiwa anaanua pamba kwenye mkeka. Nilipotaja kwamba natoka Bariadi, nafanya kazi pamoja na mwanawe, alipiga vigelegele peke yake. Aliniketisha kwenye kiti cha mgongo. Alimkimbiza kuku, akamkamata, na yote niliyosema kumzuia hayakufika popote. Kisha akakaa mkabala nami akaanza kuuliza. Anakula vizuri? Wagonjwa hawamsumbui? Wakubwa wake wanampenda?

"Watu wanampenda sana," nikasema. "Wanakuja kumuuliza yeye."

"Mikono yake ni mizuri tangu utoto."

"Ni mizuri, mama."

Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila nilichosema kilikuwa kibaya. Mzee alikuwa amekaa upande wa pili wa uani, anatengeneza mpini wa jembe. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilikuwa kinasimama kila nilipofungua mdomo. Nilikula kuku yule. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama kile, na kilikuwa kimepikwa vizuri.

Wakati wa kuondoka mzee alinisindikiza mpaka barabarani.

"Hukusema," akaniambia.

"Neno si langu, baba."

"Ndivyo nami nilivyoona." Akatembea kidogo. "Yuko Malampaka, kwa mama yake mdogo. Amenipigia jana. Amesema Jumapili atakuja kusema."

"Nimekosa, baba. Mimi ndiye niliyeiweka ile picha. Hakunipa ruhusa."

Aliangalia shamba. "Kama usingeiweka, mimi ningekufa najua uongo. Lakini hukuiweka kwa ajili yangu." Na kabla sijajibu aliinua mkono kusimamisha bodaboda iliyokuwa inapita. Alimwambia dereva aende polepole na mimi.

Binti alikwenda kwao Jumapili kama alivyoahidi. Nilipata habari wiki mbili baadaye, alipopita saluni kuchukua vitana vyake. Alisimama mlangoni, hakukaa. Aliniambia mama yake hakupiga kelele. Mama aliingia ndani akalala mchana kutwa uso ukutani, na kwa siku tatu hakutoka hata kuchota maji, kwa sababu kisimani angeitwa jina lile la mama nesi. Siku ya nne alitoka, na alipoitwa, alijibu, "Mwanangu ni msusi." Alilisema kwa hasira, kama anayemtupia mtu kitu. Kisha akalisema tena kesho yake.

"Rudi kazini," nikamwambia. "Picha nimeitoa. Nimeitoa kila mahali."

"Najua. Niliangalia." Akaviweka vitana kwenye begi. "Sitarudi, dada."

Sikuwa na haki ya kumbembeleza. Bado nilimbembeleza. Alitikisa kichwa tu.

Mama yake alikuja mwezi uliofuata. Alisimama mbele yangu, wateja wanasikia, na hakujali wanasikia.

"Ulikaa kwangu," akasema. "Ulikula kuku wangu. Nilikuuliza wagonjwa hawamsumbui, ukaniangalia usoni. Mume wangu alininyamazia, yeye ni mume wangu. Mwanangu alinidanganya, nimemzaa. Wewe ulikuwa nani?"

Nilipiga magoti. Sikujua lingine la kufanya. Aliniangalia pale chini, kisha akaomba maji, nikampa, akanywa glasi nzima akiwa amesimama. Aliirudisha glasi mkononi mwangu na kuondoka. Hakusema wabeja, asante ya kwetu. Hakusema amenisamehe, na tangu hapo sijamwona.

Picha ya saluni sasa ni ya viti vitupu na draya mbili. Mwalimu anasema haivutii, na ni kweli. Nimeajiri wasusi wengine wawili. Nikitaka kupiga picha nauliza kwanza, na naeleza itakwenda wapi na nani anaweza kuiona, naeleza mpaka wananichoka. Mmoja alikubali, mmoja alikataa, na sikumuuliza sababu. Bado nachungulia ng'ambo. Bado simu ikilia nashtuka kabla sijajua ni nini.

Msimu huu nilikwenda Lagangabilili kwenye msiba wa rafiki. Nikiwa narudi kupanda gari, nilimwona. Amepata kibaraza karibu na ofisi za serikali, ana benchi, ana kioo kimoja kilichotundikwa kwenye msumari, na wanawake wawili walikuwa wanasubiri. Hakuna kibao. Alinisalimu vizuri, akanipa ukingo wa benchi nikae, akaendelea kusuka. Tuliongea habari za mvua na bei ya rasta. Nilishindwa kujizuia.

"Ungenijibu nini siku ile, kama ningekuuliza?"

"Ningekataa," akasema, bila kusimamisha vidole.

"Ungekuwa bado kwangu."

"Ningekuwa bado kwako. Simu ingelia, ningetoka nje, ningesema nendeni zahanati."

"Ungependa hivyo?"

Aligawa nywele kwa ncha ya kitana, akachora mstari mwembamba ulionyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, akauangalia.

"Sijui, dada," akasema. Kisha akamwambia mteja ainamishe kichwa kidogo, na mimi nikasikia gari langu linapiga honi.